Baiti, kupe, na tarehe iliyosomwa kinyume

Najua niliahidi sehemu ya pili ya maelezo ya hifadhidata. Itakuja, msinichoke. Leo naandika kuhusu mbwa. Wasomaji watatu wameniuliza ni nani huyo anayelia nyuma ya sauti yangu kwenye rekodi ya mafunzo niliyoiweka mwezi uliopita, na nilipoanza kuwajibu nikaona jibu haliwezi kuenea kwenye barua pepe. Halafu kuna mdudu mmoja wa programu yangu mwenyewe ambaye sijawahi kumtaja hadharani kwa sababu ya aibu. Mbwa na mdudu huyo ni hadithi moja, kwa hiyo nitawasimulia pamoja.

Mbwa anaitwa Baiti. Jina nilimpa kwa utani wa kazi: alikuwa mdogo, nikasema huyu ni biti nane tu. Mwaitu (ndivyo Wakamba tunavyomwita mama) alikataa kulitamka mwaka mzima wa kwanza. Kwake alikuwa "ngiti", yaani mbwa, basi. Ni wa aina ya beagle, bigo kama tunavyomwita nyumbani: mfupi, wa rangi tatu, nyeusi, nyeupe na kahawia, na masikio yanayoning'inia kama soksi kwenye kamba ya kuanikia nguo. Kama umewahi kuona katuni za Snoopy, huyo ni ndugu yake, ingawa Snoopy ana adabu.

Nilimnunua Nairobi Februari 2021, akiwa na miezi miwili. Ofisi yetu ilikuwa imefungwa kwa ajili ya korona, kila mtu anafanya kazi nyumbani, nami nikajiuliza kwa nini nalipia nyumba Nairobi ili nitazame ukuta wa jirani. Mwezi uleule nikahamia Kibwezi, kaunti ya Makueni. Kwetu hasa ni Ikutha, upande wa Kitui, ng'ambo ya mto Athi. Ukitoka Kibwezi kwa ile barabara ya Mutomo na Kitui, ambayo sasa ina lami, unavuka daraja na baada ya muda si mrefu uko kwetu. Nilikuwa karibu na Mwaitu bila kukaa bomani kwake, umbali ambao kila mtu mzima anauhitaji :-)

Sasa, bigo ni mbwa wa namna gani? Nilinunua bila kusoma. Mtu anayesoma maelezo yote ya maktaba ya programu kabla ya kuitumia, akanunua mbwa kwa kutazama picha! Waingereza walimfuga bigo kwa kazi moja, kufuata harufu ya sungura mwitu huku wawindaji wakija nyuma kwa miguu. Hakuumbwa kulinda boma, na hakuumbwa kutii. Akishashika harufu masikio yanazima, unaweza kumwita mpaka koo likauke. Marekani wamewatumia tangu 1984 kwenye viwanja vya ndege kunusa nyama na matunda katika mizigo ya abiria, kwa kuwa ni wadogo, hawamtishi msafiri, na wako tayari kufanya kazi siku nzima kwa kipande cha chakula. Hilo la mwisho naliamini kabisa. Baiti aligundua omena ndani ya begi la mgeni wangu, begi likiwa limefungwa zipu, chumba kingine, mlango umerudishwa.

Makueni ni nchi ya maembe. Msimu ukifika, kuanzia Novemba hivi, yanaanguka na kulala chini, na Baiti anayala na kokwa zake. Mara moja kokwa ilikwama, tukapelekana kwa daktari wa mifugo usiku. Anakula muthokoi, anakula ndengu mbichi, anakula sabuni. Bigo wa kimo chake anatakiwa awe na kilo 10 au 11. Kufikia mwisho wa 2021 alikuwa na 15. Daktari akanionyesha mbavu zake, au tuseme mahali ambapo mbavu zingekuwa. Tangu siku hiyo chakula chake napima kwa kikombe, asubuhi na jioni, na wageni wangu wote wanaonywa mlangoni. Amewahi kushuka hadi 12.8. Masikio nayo ni kazi: hewa haipiti, kwa hiyo kila Jumapili nayafuta kwa pamba, yeye akinitazama kama mtu aliyedhulumiwa shamba.

Majirani waliuliza swali moja tu: anawinda? Ni swali la haki. Wakamba wamejulikana tangu zamani kwa upinde, mshale wa sumu na mbwa. Lakini Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na huku tumepakana na mbuga. Mbwa akikamata digidigi, atakayeulizwa si mbwa. Baiti hajui sheria hiyo. Mara ya kwanza nilipompeleka Ikutha alishika harufu ya digidigi nyuma ya zizi na akapotea saa sita. Tulimsikia tu. Bigo akiwa kwenye harufu habweki kama mbwa wengine, anavuta sauti ndefu kama mtu anayeimba msibani, na sauti ile ilikuwa ikienda kuelekea Athi.

Ndipo nikaamua kutengeneza mkanda wa shingoni wenye GPS. Mnanijua. Nilichukua Arduino ndogo, kipokezi cha NEO-6M, na moduli ya SIM800L yenye laini ya simu. Unamtumia mbwa ujumbe mfupi, naye anakujibu kwa latitudo na longitudo. Mezani ulifanya kazi vizuri ajabu. Shida ya kwanza ilikuwa betri: SIM800L inapotuma inavuta hadi ampea 2 kwa kufumba na kufumbua, betri ndogo inashuka, Arduino inajiwasha upya, na mbwa anasahau alikuwa wapi. Nikaweka kapasita kubwa. Shida ya pili ilikuwa mtandao. Mabonde ya kuelekea Athi hayana mawimbi ya simu, na mbwa akipotea anapotelea huko, si kando ya mnara. Shida ya tatu ilikuwa Baiti mwenyewe, ambaye alitafuna antena.

Miezi miwili ya kazi. Mzee mmoja wa Ikutha, ambaye ujana wake hatuuzungumzii mbele ya askari wa wanyamapori, aliutazama ule mkanda na nyaya zake akaniuliza, "Kijana, kwa nini usimfunge kengele?" Kengele ya mbuzi iko kila soko. Inasikika mbali, haina betri. Baiti anaivaa mpaka leo.

Kuhusu kupe nitasema kidogo, ingawa wanastahili makala yao. Agosti 2021 Baiti aliacha kula. Kwa bigo hiyo si dalili, hiyo ni king'ora. Siku ya pili akatoka damu puani. Daktari akamfunua ufizi, ukawa mweupe, akasema bila hata kusubiri maabara: erlikia. Ni bakteria anayeletwa na kupe wa mbwa na kuishi ndani ya chembe nyeupe za damu. Kwenye vitabu vya zamani ugonjwa huu umewahi kuitwa kwa jina la Nairobi, ugonjwa wa Nairobi wa kutoka damu. Dawa yake ni doksisaiklini kwa siku 28, na usiache katikati hata mbwa akionekana mzima. Kwa ajili ya hizo siku 28 niliandika programu ndogo ya kunikumbusha vidonge. Ikawa nzuri. Nikaongeza dawa ya minyoo, dawa ya kupe, na chanjo.

Hapa ndipo mdudu anapoingia.

Programu ilikuwa rahisi, Python, mistari kama mia. Faili moja ina orodha ya matukio na tarehe zake, jinsi zilivyoandikwa kwenye kadi ya mbwa. Kila asubuhi saa kumi na mbili seva yangu inaisoma, inajumlisha siku zinazotakiwa, na zikibaki wiki chache inanitumia ujumbe. Chanjo ya kwanza ya kichaa cha mbwa Baiti alidungwa tarehe 25/03/2021. Machi 2022 ujumbe ukaja kwa wakati, nikampeleka, akadungwa tena, daktari akaandika kwenye kadi 09/03/2022. Nikaingiza. Nikasahau. Kazi ya programu ya kukumbusha ni hiyo, kukuruhusu usahau.

Jumamosi, 17 Juni 2023, tulikuwa Ikutha. Baiti nilikuwa nimemfunga kwa kamba chini ya mwarobaini ili asisumbue mbuzi wa Mwaitu. Mimi nilikuwa ndani na kompyuta, narekebisha kitu cha mteja ambacho kingeweza kabisa kungoja Jumatatu. Saa nne asubuhi hivi mbwa mgeni aliingia bomani. Dada yangu aliyemwona anasema hakubweka. Alikuja moja kwa moja kama mtu aliyetumwa, mdomo wazi, mate yakichuruzika, akaliuma debe, akauma nguzo ya zizi, halafu akamwona Baiti.

Mbwa aliyefungwa hana pa kukimbilia. Alimng'ata sikio na shingo. Mpwa wangu, miaka minane wakati huo, alikimbia kwenda kumfungua. Hakuna aliyemtuma. Aliishika kamba, na yule mbwa akageuka akamuuma mkono, chini ya kiwiko. Matundu mawili.

Nilipotoka, dada alikuwa tayari ameshamvuta mtoto na vijana wa jirani walikuwa wamefika na marungu. Niseme jambo moja kuhusu dada yangu. Mzee mmoja alipendekeza mafuta ya taa kwenye jeraha, mwingine pilipili, naye hakumsikiliza yeyote. Alichukua kipande cha sabuni ya kufulia na mtungi wa lita 20, akaosha ule mkono maji yakitiririka, dakika kumi na tano kwa saa ya simu. Mtungi ulipoisha akaletewa wa pili. Ikutha mwezi wa sita, maji yanabebwa na punda kutoka mbali, na hakuna aliyenung'unika. Alikuwa amelisikia hilo la dakika kumi na tano kwenye mkutano wa afya kijijini, na alilishika.

Kituo cha kwanza tulichokwenda hakikuwa na chanjo. Wakatuelekeza kingine. Sitasimulia safari ile yote. Itoshe kwamba tulivuka Athi, mtoto amekaa mbele na mama yake, Baiti nyuma kwenye sanduku la mbao analia, na mtoto akadungwa sindano ya kwanza saa kumi alasiri. Muuguzi akaandika siku za sindano kwenye kadi: 0, 3, 7, 14, 28. Nilizihesabu kwa vidole, hata kompyuta sikuifungua.

Kutoka hapo nilimpeleka Baiti kwa daktari wake. Akaomba kadi. Akaitazama muda mrefu kuliko inavyohitajika kuisoma.

"Chanjo hii iliisha Machi," akasema.

"Haiwezekani, daktari. Nina programu ya kunikumbusha."

Hakunijibu. Alinigeuzia kadi tu niione. 09/03/2022. Tarehe tisa mwezi wa tatu. Tulikuwa tumepitisha miezi mitatu na siku nane.

Alinieleza taratibu. Mbwa ambaye hajawahi kuchanjwa kabisa, akiumwa na mbwa anayeshukiwa, ushauri ni kumuua, au kumfungia peke yake miezi minne. Baiti alikuwa amechanjwa mara mbili, imepitwa tu na wakati. Kwa hiyo anadungwa nyingine leoleo, kisha anatengwa siku 45 chini ya macho yangu. Akibadilika tabia, akiacha kula, akishindwa kumeza, sauti ikigeuka, nisimguse, nimpigie simu. Akauliza pia yule mbwa mgeni yuko wapi. Kichwa chake kingepaswa kuwekwa kwenye barafu na kupelekwa maabara kuu ya mifugo kule Kabete, ndiyo njia ya kujua kwa hakika. Nikapiga simu nyumbani. Walikuwa wameshamchoma moto. Siwalaumu. Ila mpaka leo hatujui.

Mwaitu alipiga usiku.

"Hiyo ngiti bado iko hai?"

"Iko hai, Mwaitu. Daktari amesema siku 45."

"Daktari ana watoto wangapi Ikutha?"

Nikanyamaza.

"Mwanangu, mbwa hununuliwa. Huyu mtoto alinunuliwa wapi?"

Sikuwa na jibu, na niseme ukweli, sina hata sasa. Mtoto aliumwa kwa sababu ya mbwa wangu, na mbwa wangu alikuwa kwenye kamba niliyoifunga mimi. Nilimwambia Mwaitu kwamba Baiti hatavuka daraja la Athi kabla siku 45 hazijaisha, na akionyesha dalili moja nitafanya linalotakiwa. Akasema, "Sawa," ile sawa ya akina mama ambayo si sawa.

Usiku huohuo nikafungua programu. Nilikuwa natumia maktaba ya dateutil, ile unayoipa tarehe ya mtindo wowote nayo inajitahidi kuielewa. Usipoiambia dayfirst=True, inasoma Kimarekani, mwezi kwanza. Kwa hiyo 09/03/2022 ilikuwa Septemba 3, na ukumbusho wangu ulipangwa kuja Agosti 2023. Lakini angalia ubaya wake: ukiipa 25/03/2021, inaona hakuna mwezi wa 25, basi inageuza yenyewe kimyakimya na kusoma siku kwanza. Haitoi kosa, haionyi. Ndiyo maana mwaka wa kwanza ilifanya kazi. Majaribio yangu nayo yalitumia 25/12/2021, kwa sababu Krismasi ndiyo tarehe inayokuja kichwani. Programu ilikuwa sahihi kila baada ya tarehe 12 ya mwezi, na kabla ya hapo ilikuwa inabahatisha.

Na kosa langu halikuishia hapo. Nilipoingiza ile tarehe Machi 2022, programu ilikubali bila kushtuka kwamba mbwa amekwisha kuchanjwa miezi sita ijayo. Mstari mmoja tu wa kuuliza "tarehe hii haijafika, una uhakika?" ungetosha. Nimelipwa na watu kuwaandikia mstari huo kwenye mifumo yao ya malipo.

Nilimjengea Baiti banda la matofali na waya nyuma ya nyumba, milango miwili, mmoja ndani ya mwingine. Sufuria ya chakula niliisukuma kwa mpini wa fagio. Hakuna kushikana. Bigo walifugwa kuishi kundini, na kumfungia mmoja peke yake ni adhabu asiyoielewa. Alilia. Alilia mchana, alilia usiku, alilia kwenye mikutano yangu ya asubuhi na mteja wa Ujerumani, ambaye aliuliza kwa upole kama kila kitu kiko salama.

Sikulala vizuri, nikawa nasoma. Nchini Kenya kichaa cha mbwa kilithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa, pembezoni mwa Nairobi. Duniani kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote wameumwa na mbwa, na dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna tiba. Serikali ina mpango wa 2014 hadi 2030 wa kumaliza vifo hivyo, na kaunti za kuanzia ni tano, Kitui na Makueni zikiwamo, pamoja na Machakos, Kisumu na Siaya. Hesabu yenyewe ni rahisi kuieleza: chanja asilimia 70 ya mbwa, kila mwaka, na virusi vinakosa pa kuhamia. Ugumu uko kwenye "kila mwaka". Mbwa wa vijijini kwetu wanakufa wachanga na kuzaliwa upya upesi, kiasi kwamba ukichanja asilimia 70 leo, baada ya miezi michache nusu ya watoto wa mbwa unaokutana nao njiani hawajawahi kuiona sindano. Nilikuwa nimezoea kufikiri tatizo hilo ni la watu wasiofuatilia, na huku mimi mwenye seva, kadi, na gari nilikuwa mmoja wao.

Siku ya tisa sauti ya Baiti ikabadilika.

Ilikuwa jioni. Ile sauti ndefu ikatoka ikiwa na mikwaruzo, kama redio iliyopoteza stesheni. Nilisimama kwenye mlango wa jikoni na miguu ikakataa. Nikampigia daktari, akasema anakuja asubuhi, nisiingie bandani. Usiku ule nilifungua rekodi zangu za zamani za mafunzo, zile ambazo nilikuwa nimezitupa kwa sababu yake, nikazisikiliza moja baada ya nyingine nikilinganisha. Sijui nilitaka kuthibitisha nini.

Daktari alikaa nje ya waya kama saa nzima. Alimwekea maji, akanywa. Alimtupia kipande cha nyama. Kikapotea kabla hakijagusa chini. Akamtazama anavyotembea, taya linavyofunga. Mwisho akaniuliza huyu mbwa analia saa ngapi kwa siku. Nikamwambia, karibu zote. "Basi amepoteza sauti," akasema, "kama mhubiri. Tungoje." Tukangoja. Siku ya kumi na mbili sauti ikarudi, na majirani nao wakarudi kulalamika.

Mpwa wangu alikuwa ananipigia kila siku ya sindano.

"Mjomba, Baiti amedungwa ngapi?"

"Moja."

"Mimi tatu." Kwa fahari kabisa. Halafu nne. Tarehe 15 Julai akapiga kusema tano, na kwamba hakulia, na kwamba dada yake mdogo ndiye aliyelia ingawa hakudungwa.

Siku ya 45 ilikuwa Jumanne, 1 Agosti. Daktari alikuja, akamtazama nje ya waya, kisha akafungua mlango wa kwanza na wa pili. Baiti hakunijia mimi. Alimpita daktari, akanipita, akaenda moja kwa moja kwenye ndoo ya takataka. Nilikaa chini pale kwenye matofali na daktari akajifanya anaandika kwenye kadi muda mrefu.

Ikutha sikumpeleka. Nilikuwa nimeamua kungoja kuitwa, na wito ulichukua muda. Mwishoni mwa Septemba dada akaniambia Mwaitu amekuwa akisema mifupa ya mbuzi inatupwa bure siku hizi. Nikaelewa. Tulipofika, mpwa wangu alimkumbatia Baiti, nami nikaangalia lile kovu chini ya kiwiko na tundu la kwenye sikio. Mwaitu alisimama mlangoni, mikono nyuma, akamwambia mbwa, "Umekuja, wewe." Si jina, lakini si "ngiti" pia.

Programu nimeiandika upya. Tarehe sasa inaingizwa mwezi ukiwa kwa herufi, 19 Juni 2023, na ikiwa haijafika inakataa. Imeongezeka watumiaji pia. Mwaka 2024 chanjo ya mbwa ilipoletwa shuleni karibu na kwetu, Mwaitu alipeleka mbwa watatu wa boma kwa kamba za katani, mpwa wangu akiwa amebeba wa mwisho, halafu akanipigia akaniambia niwaweke kwenye hiyo mashine yangu. Nikamwomba anisomee kadi.

"Andika mwezi kwa jina," akasema kabla sijauliza. "Mtoto amenieleza ulichofanya."

Kwa hiyo sasa kila mtu anajua. Anayetaka msimbo aniandikie nitamtumia, pamoja na majaribio, safari hii yenye tarehe kuanzia 1 hadi 12. Sehemu ya pili ya hifadhidata ni wiki ijayo, nikipata saa moja ya kurekodi bila mtu kulia.